Mgongo Haushonwi kwa Siku Moja

Mimi ni fundi cherehani, Tanga. Diski ya kiunoni ilipobana mshipa wa fahamu, nilipasuliwa. Maumivu yaliyokuwa yakishuka hadi unyayoni yakaisha. Ya kiuno yakabaki. Mwezi wa nane baada ya upasuaji bado nilikuwa naamka kwa kushika ukuta. Ndipo nikaanza mazoezi, nayo yamenifunza haya.

1. Kisu kina kazi yake, misuli ina yake. Daktari aliondoa kipande kilichobana mshipa. Misuli inayoshikilia pingili, iliyosinyaa kwa miezi ya kulala, hakuna wa kuniwekea mipya. Nilidhani nimepasuliwa vibaya, kumbe nimedhoofu.

2. Kulala kuliniponza. Mama mkwe alinihurumia: "Tulia mwanangu, nyuzi zisije zikaachia." Nikatulia kupita kiasi. Mtaalamu wa fiziotherapia akaniuliza, "Mama, mguu ukitolewa hogo huwaje?" Nikamjibu, mwembamba. "Basi na kiuno ni vivyo hivyo."

3. Pima kazi, usipime maumivu. Hapa ndipo nilipokosea zaidi. Siku kiuno kikitulia, nilifua na kudeki nyumba nzima. Siku mbili zilizofuata sikuinuka. Nikapewa kipimo: kutembea dakika 5 asubuhi na 5 jioni, siku njema isizidi, siku mbaya isipungue. Kila wiki naongeza dakika 2. Niliandika kwenye daftari lilelile la vipimo vya wateja. Baada ya wiki 10 nilikuwa natembea dakika 25 bila kusimama.

4. Mazoezi yenyewe hayana mbwembwe. Kulala chali, magoti yamekunjwa, na kuinua nyonga. Kukaa kama mtoto anayetambaa, kisha kunyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, halafu kubadilisha. Kuinuka kitini bila kushika kitu. Baadaye kubeba ndoo: lita 5, kisha 10. Na kwenye cherehani, kila nusu saa nasimama.

5. Kuuma si lazima kuumia. Kiuno kikiuma kidogo baada ya zoezi na kutulia kufikia kesho yake, niliendelea. Kisipotulia, nilipunguza. Lakini ganzi sehemu za siri, kushindwa kukojoa au kujizuia haja, mguu kulegea ghafla, au homa na kidonda kutoa usaha, hayo si ya kusubiri: ni hospitali siku hiyo hiyo.

Sijapona kabisa. Msimu wa nguo za Idi kiuno bado hunikumbusha. Ila nashona siku nzima na ndoo nabeba mwenyewe. Nawe uliyepasuliwa na bado unaumwa, muulize daktari wako lini uanze, kisha anza na kile kidogo utakachoweza kukirudia kesho.