Chakula cha Mtoto Anayelikizwa Awapo Safarini

Maneno "likizo" na "kulikiza" yana shina moja, na kila mwaka ifikapo Desemba mambo hayo mawili hukutana katika nyumba nyingi. Shule zifungwapo, familia za Kariakoo na mitaa ya jirani jijini Dar es Salaam husafiri kuwaona jamaa zao. Baadhi huvuka mpaka: huenda Mombasa kupitia Horohoro, Nairobi kupitia Namanga, au Lusaka kupitia Tunduma. Msafiri ahitajiye uangalizi mkubwa kuliko wote ni mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili, ambaye ameanza kula huku akiendelea kunyonya.

Mambo mawili humdhuru mtoto huyo: chakula kisicho na nguvu ya kutosha, na chakula kilichoingiwa na vijidudu. Katika yote mawili, maji yana sehemu kubwa.

Tumbo dogo na uji mwepesi

Tumbo la mtoto mdogo hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Basi mtoto wa miezi tisa mwenye kilo 8 hushiba kwa mililita 240 hivi, yaani kikombe kimoja. Mbali na maziwa ya mama, mtoto wa umri huo huhitaji kilokalori 300 hivi kwa siku kutoka katika chakula kingine.

Gramu 100 za unga wa mahindi zina kilokalori 350 hivi. Uji mwepesi wenye gramu 6 za unga katika kila gramu 100 una kilokalori 21 tu. Ili apate kilokalori 300, mtoto atalazimika kunywa gramu 1,430, yaani karibu vikombe sita vilivyojaa, na bado anyonye. Hilo haliwezekani. Uji wenye gramu 20 za unga katika kila gramu 100 una kilokalori 70, na chini ya vikombe viwili vingemtosha. Lakini uji huo hauwi tena uji: chembe za wanga zipatapo moto hufyonza maji na kuvimba, na mchanganyiko huwa mzito kama ugali laini. Mtoto hawezi kuumeza. Mama akiongeza maji ili umezeke, hurudi alikoanzia.

Kazi ya kimea

Jibu la tatizo hili limo katika ujuzi wa siku nyingi wa watengenezaji wa togwa na pombe. Nafaka inapochipua hujitengenezea kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho huikata minyororo mirefu ya wanga iwe mifupi, isiyoweza kushika maji mengi. Mwaka 1983, A. C. Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Ulf Svanberg wa Sweden walichapisha matokeo ya utafiti wao juu ya jambo hili. Walionyesha kuwa kiasi kidogo cha unga wa kimea huufanya uji mzito kuwa mwepesi katika muda mfupi, bila kuongezewa maji. Nguvu iliyomo haipotei. Kinachobadilika ni uzito wa kumeza.

Ulezi hupatikana katika maduka ya nafaka ya Kariakoo. Huchaguliwa, huoshwa na kulowekwa usiku mmoja. Kisha huchujwa na kufunikwa kwa kitambaa safi chenye unyevu kwa siku mbili au tatu hadi uchipue. Baadaye hukaushwa juani, hupukutwa machipukizi na kusagwa. Atumiaye mtama hana budi kuondoa machipukizi yote, kwa maana yana kemikali izaayo sumu ya sayanaidi. Nafaka iliyoota ukungu hutupwa, kwani yaweza kuwa na sumukuvu ambayo haiondolewi kwa kupikwa.

Gramu 50 za unga na mililita 200 za maji hupikwa mpaka uji uive. Huepuliwa, na ukipungua moto hutiwa kijiko kimoja cha chai cha kimea na kukorogwa. Ukishalainika hurudishwa motoni uchemke tena kwa dakika chache, kwa sababu vijidudu nao hustawi katika unyevu wa nafaka ichipuayo.

Unga husafiri, uji hausafiri

Bakteria hawawezi kuongezeka pasipo maji. Unga mkavu ndani ya kopo lililofungwa vizuri waweza kuvuka mipaka salama, uji hauwezi. Ikiwa bakteria huongezeka maradufu kila nusu saa katika joto la Dar es Salaam, mmoja huwa 4,096 baada ya saa sita, na basi la Lusaka bado liko mbali na Tunduma. Chupa ya chai huulinda uji maadamu joto lake limezidi nyuzi 60 za Selsiasi. Ukipoa chini ya hapo, chupa huwa kitalu cha vijidudu.

Njiani, maziwa ya mama ndiyo chakula cha kwanza, na safari si wakati wa kumwachisha mtoto ziwa. Ndizi mbivu na parachichi zina vifungashio vyake vya asili: huoshwa, humenywa papo hapo kwa mikono safi na kupondwa kwa kijiko safi. Gramu 100 za parachichi zina kilokalori 160 hivi, zaidi ya mara saba ya ule uji mwepesi.

Wafikapo kwa wenyeji, uji hupikwa kila mara upya. Kijiko cha chai cha mafuta huongeza kilokalori 40 hivi. Karanga na dagaa waliosagwa huongeza protini. Kikombe na kijiko husafishika kwa urahisi kuliko chupa ya kunyonyea. Asali haifai kabla ya mwaka mmoja. Mtoto akiharisha, aendelee kunyonyeshwa, apewe maji ya ORS na kupelekwa kituo cha afya.

Jaribio la darasani

Pikeni uji kwa gramu 150 za unga na mililita 600 za maji, mkaugawe katika vikombe A, B na C ungali na joto la nyuzi 60 hivi. Katika A tieni vijiko viwili vya maji. Katika B tieni kijiko kimoja cha chai cha kimea kilichokorogwa kwa vijiko viwili vya maji. Katika C tieni mchanganyiko kama wa B, lakini uliochemshwa kwanza. Baada ya dakika kumi, inamisheni kila kikombe. Uji wa jaribio usiliwe.

Maswali

1. Kwa nini uji wa C haulainiki kama wa B?
2. Uji wa B ukichemshwa tena, je, utarudia uzito wake wa kwanza? Toeni sababu.
3. Mtoto wa kilo 10 anahitaji kilokalori 550 kwa siku mbali na maziwa ya mama. Ni matumbo mangapi ya uji mwepesi, na mangapi ya uji wa kimea, yatakayompatia kiasi hicho?