SASISHA SIMU YAKO, LAKINI USITAPELIWE

Wengi wetu tunaoishi Katwe, Nsambya na Makindye tumeona simu ikileta tangazo kwamba sasisho jipya liko tayari. Wengine hubonyeza bila kusoma. Wengine huogopa na kulifuta. Somo hili litakusaidia kujua sasisho ni nini, lina faida gani, na utalitambuaje lile la uongo.

SASISHO NI NINI?

Fikiria simu kama nyumba. Programu kama WhatsApp ni vyombo vya ndani. Mfumo unaoendesha simu yenyewe ni kuta, mlango na paa. Waliotengeneza simu wakigundua tundu ambalo mwizi anaweza kupitia, hutuma kiraka kwa njia ya intaneti. Kiraka hicho ndicho sasisho. Zamani kazi hii ilihitaji waya na kompyuta. Kwa mfano, simu za iPhone zilianza kusasishwa bila waya mwaka 2011.

KWA NINI TUSASISHE?

Mwezi Mei 2017 programu mbaya iitwayo WannaCry ilifunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu mwezi Machi mwaka huohuo. Wengi walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Simu zetu nazo zina pesa, namba za ndugu walioko Kongo na Nakivale, na ujumbe wa miadi. Hatuwezi kuziacha wazi.

JINSI YA KUSASISHA

1. Andika namba muhimu kwenye daftari.
2. Chaji simu hadi ipite nusu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, betri ndiyo itakayoiokoa simu.
3. Tafuta waifai unayoiamini. Programu moja hula makumi ya MB, na mfumo mzima unaweza kufika GB 1 au zaidi.
4. Fungua Mipangilio, kisha tafuta sehemu ya mfumo au ya kusasisha programu. Programu kama WhatsApp zisasishe katika Play Store.
5. Simu ikianza kazi, usiizime. Itajizima na kujiwasha yenyewe. Ikiuliza namba ya kufungulia skrini, hilo ni jambo la kawaida.

JIHADHARI NA SASISHO LA UONGO

Mama mmoja niliyemtembelea alipata ujumbe uliosema asasishe simu yake, la sivyo jina lake lingeondolewa kwenye orodha ya wanaosafiri. Alibonyeza, akaandika namba yake ya siri ya pesa. Kodi ya nyumba aliyokuwa ameweka mwezi mzima ikaondoka yote. Alilia, akaniuliza kama na jina pia limepotea. Nilimweleza kwamba jina la mkimbizi halifutwi kwa sababu ya simu.

Basi shika mambo haya matatu:

- Sasisho la kweli unalikuta ndani ya simu yako, katika Mipangilio au Play Store. Usifuate kiungo cha SMS wala faili uliyotumiwa na rafiki.
- Sasisho haliulizi kamwe namba ya siri ya pesa.
- Huduma za wakimbizi ni bure. Anayedai pesa ni mwizi, hata akitaja jina la shirika.

SIMU YA ZAMANI

Simu nyingine hazipati masasisho tena. WhatsApp, kwa mfano, iliacha kufanya kazi kwenye Android za chini ya 5.0 tangu tarehe 24 Oktoba 2023. Yakikupata hayo, simu haijaharibika, wala usimlipe fundi aitengeneze. Endelea kuitumia kupiga na kupokea, na pesa zako uzilinde kwa uangalifu zaidi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini tunachaji simu kabla ya kusasisha?
2. Umepata SMS yenye kiungo cha sasisho. Utafanya nini?
3. Ni namba gani ambayo sasisho haliulizi?

Ukishajibu, msomee jirani asiyejua kusoma. Kama umekwisha kutapeliwa, usione haya. Ipigie mara moja kampuni ya simu yako, kisha utoe taarifa polisi.