SOMO LA KAZI ZA MIKONO: KUNG'ARISHA KAVA YA INJINI YA PIKIPIKI NYUMBANI



Ndugu msomaji, kila likizo vijana wetu wa hapa Mandawa hutuuliza namna ya kurudisha mng'aro wa pikipiki za nyumbani. Pikipiki huku kwetu ndiyo hubeba mgonjwa, gunia la ufuta na mfuko wa salfa ya mikorosho. Vumbi jekundu la kiangazi na tope la masika havimwachi mtu. Tumeona basi tuandike somo hili ili kijana aijue kazi, na mzazi ajue la kumkataza.

Kazi ya vyuma ni kazi ya heshima. Nabii Daudi (a.s.) alilainishiwa chuma, naye akatengeneza deraya kwa vipimo, kama tunavyosoma katika Surat Sabaa. Kipimo na uangalifu ndivyo tutakavyovihitaji hapa.

KWA NINI KAVA HUFIFIA

Kava nyingi za injini ni za alumini, madini yale yale ya sufuria ya mama. Kiwandani hupakwa rangi au vanishi. Jiwe likigonga, au buti likisugua kila siku, rangi huchunika, unyevu hupenya chini yake na kuleta michirizi myeupe. Kupaka rangi mpya juu yake hakusaidii, kwani itabanduka tena. Ni lazima ya zamani itolewe kwanza.

VIFAA

1. Boksi spana, mara nyingi namba 8 na namba 10.
2. Rimuva ya rangi, brashi ya zamani na kijiti cha mti.
3. Msasa wa maji namba 320 au 400, 600, 1000 na 2000.
4. Dawa ya kung'arishia metali, kama Autosol au Brasso.
5. Vitambaa vya pamba, ndoo ya maji, sabuni, glavu za mpira na kipande cha boksi la karatasi.

HATUA ZA KAZI

Kwanza, omba ruhusa kwa mwenye pikipiki, kwani chombo cha mtu ni amana. Zima injini, chomoa ufunguo, subiri ipoe, kisha ioshe na kuikausha.

Pili, chagua kava. Anayeanza aanze na kava ya spoketi ndogo, ile inayofunika mnyororo upande wa kushoto. Katika pikipiki nyingi haina oili ndani yake. Kava ya klachi ina oili na gasketi, na ya magneto huwa na nyaya na koili. Hizo mwachie fundi azifungue, wewe utazisugua.

Tatu, ikibidi kutoa pedeli ya gia, weka alama pale ilipokaa kabla ya kuichomoa. Chora umbo la kava kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, na kila bolti uichomeke mahali pake. Bolti hizi hutofautiana urefu. Ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inaweza kupasua alumini. Kava ikigoma kutoka, igonge taratibu kwa kipande cha mti. Usiitekenye kwa bisibisi.

Nne, toa rangi. Fanya kazi hii nje penye upepo, mbali na jiko na mbali na watoto, kwani mvuke wa rimuva hudhuru na huunguza ngozi na macho. Paka, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, rangi itakunjamana. Ikwangue kwa kijiti, si kwa kisu, kisha osha kwa maji mengi. Asiyekuwa na rimuva asugue kwa msasa namba 320. Atachelewa lakini atafika.

Hapa tutoe onyo. Sisi wenyewe tuliwahi kutumia kostiki soda ya kutengenezea sabuni tukidhani tumepata njia ya mkato. Ilichemka, ikatoa mvuke mkali, na kava ikatoka nyeusi yenye vishimo. Kostiki huila alumini na hutoa gesi inayowaka. Msiiguse. Steliwaya nayo tuiache, kwani huacha chembe za chuma zitakazopata kutu.

Tano, piga msasa. Uzungushie kipande cha ndala kuukuu, uuloweshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Anza na namba ndogo. Ukihamia namba inayofuata, badili upande: kama ulisugua kwa urefu, sasa sugua kwa upana. Usihame mpaka mikwaruzo ya mwanzo iishe yote. Anayeruka namba ataiona mikwaruzo mwishoni, na itambidi arudi nyuma. Ule uso wa ndani unaokutana na injini usiuguse kwa msasa, maana kwa kava yenye oili utaleta uvujaji.

Sita, ng'arisha. Tia dawa kidogo kwenye kitambaa, sugua kwa mizunguko midogo. Kitambaa kitakuwa cheusi. Si uchafu, ni alumini yenyewe inayotoka. Endelea kwa kitambaa safi mpaka uione sura yako.

Saba, rudisha. Bolti zote zianze kwa vidole, kisha kaza kidogo kidogo kwa kukingamisha. Usitumie nguvu nyingi, kwani uzi wa alumini huchunika upesi. Jaribu pedeli ya gia kabla ya kupanda. Alumini isiyo na rangi itafifia tena, hivyo ipitishie kitambaa chenye dawa kila baada ya wiki kadhaa.

Na kamwe usifute mnyororo wala spoketi injini ikiwa inanguruma. Kidole kikinaswa hakirudi.

USAFI NA SALA

Rangi au vanishi iliyoganda mikononi huzuia maji kufika kwenye ngozi, hivyo iondolewe kabla ya kutawadha. Doa la rangi tu lisilo na tabaka halidhuru. Oili iliyotumika isimwagwe karibu na kisima.

MNG'ARO USIWE UONGO

Mwaka mmoja jirani alituletea pikipiki tuing'arishe kabla ya kuiuza. Kava ya klachi ilikuwa na ufa unaovuja oili. Akataka tuuzibe kwa gundi ya chuma, tupake rangi juu, mnunuzi asijue. Pesa tulizihitaji. Lakini tukakumbuka habari iliyopokelewa na Imam Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini yake, akamlaumu muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone. Tukamwambia jirani: tutang'arisha, lakini ufa uonekane na utajwe. Alikasirika, akaondoka na kazi yake. Miezi baadaye alirudi na kava nyingine, akasema fanyeni ile njia yenu.

Ndugu mwanafunzi, injini ikikosa oili hufunga, na ikifunga barabarani huweza kumwangusha aliyepanda. Kuficha ufa si kumwibia mtu pesa tu, bali ni kuhatarisha roho yake.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Kwa nini kostiki soda haifai kwa alumini?
2. Eleza faida ya kuchomeka bolti kwenye boksi lililochorwa.
3. Ni kitu gani mkononi huzuia udhu, na kipi hakizuii?
4. Muuzaji ana wajibu gani akiijua kasoro ya chombo chake?

Wabillahi tawfiiq.