Deni la Ardhi ya Kajiado

Ndugu zetu wa darsa wameuliza: fedha ambazo Benki ya Dunia huzikopesha nchi masikini, ni msaada au ni riba? Suala hili halijibiki kwa neno moja, kwani mkopo mmoja hupita mikono mingi, na kila mkono una hukumu yake. Basi na tuufuate mkopo mmoja tangu ulipotoka hata ulipofika, nao ni ule wa wafugaji wa Kajiado. Tumeuchagua kwa kuwa mwanzo wake na mwisho wake vimekwisha kuonekana, na kwa kuwa wengi katika watu wa mwambao wananunua viwanja Kitengela pasina kujua ardhi ile imepitia wapi.

Benki hiyo iliasisiwa mwaka 1944 katika mkutano wa Bretton Woods, Marekani. Nyumba yake ya kwanza hukopa kwa matajiri wa ulimwengu, kisha huzikopesha serikali kwa faida. Hiyo ni riba bayana. Mwaka 1960 ikaongezwa nyumba ya pili, Shirika la Kimataifa la Maendeleo, kwa ajili ya nchi zisizouweza mzigo huo, na fedha zake nyingi hutolewa na serikali za nchi tajiri. Masharti yake ya zamani hayakuwa na faida, ila ada ya asilimia 0.75 kwa mwaka. Miaka 10 ya mwanzo deni halikudaiwa, na muda wote ulikuwa miaka 50. Kuhusu ada, wanazuoni wa zama zetu wameijuzisha ikiwa ni gharama halisi ya karani na daftari, wala haizidi hapo. Hilo hatulirefushi, kwani si hapo palipo na shida.

Mwaka 1968 Kenya ilipata kwa shirika hilo, pamoja na Sweden, fedha za kustawisha mifugo. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuwamilikisha wafugaji ardhi kwa vikundi, na Kajiado ikaanza kukatwa kuwa ranchi za vikundi. Fedha zilikusudiwa visima, mabwawa, majosho na maksai wa kunenepeshwa kwa soko. Wamasai waliridhia, lakini wengi wao hawakuridhia kwa ajili ya soko; waliiona hati ile kuwa ni ngao ya kuikinga ardhi yao na wageni.

Sasa tazama njia ya fedha. Benki haikumkopesha mfugaji, iliikopesha serikali. Serikali ikalipa Shirika la Fedha za Kilimo, nalo likavikopesha vikundi kwa faida. Basi fedha iliyotoka ng'ambo bila ya faida ilivishwa faida hapa hapa nyumbani! Hoja yao ilikuwa gharama na khatari ya kutolipwa. Na hali hati ya ardhi ndiyo iliyokusudiwa kuwa dhamana ya khatari hiyo.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya deni. Ndani yake mwenye kumlisha mwandishi maneno ni mdaiwa, si mdai. Na akiwa dhaifu, msimamizi wake ndiye amsemee kwa uadilifu. Mpango wa Kajiado ulibuniwa na wakopeshaji na maafisa, na wachache wakatia sahihi kwa niaba ya kikundi kizima. Mchungaji aliyekuwa malishoni alijikuta mdaiwa.

Tena palikuwa na kasoro kubwa zaidi. Ardhi ilikuwa ya wote, na deni la wote, lakini ng'ombe walikuwa wa kila mtu na wake. Mwenye ng'ombe 500 aliyanywesha makundi yake katika kisima kilekile cha mwenye 5, na deni likawa la sharika. Kwa wanafiqhi wetu faida na hasara huandamana, hapa ziliachana. Kupunguza mifugo hakukutekelezeka, ukame wa miaka ya 1970 na wa 1984 ukaangamiza wengi, na mikopo mingi ikabaki bila kulipwa. Wanachama wakataka wagawane, na moja katika sababu zao ilikuwa kujitoa katika deni la pamoja. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988.

Kila mmoja akawa na hati yake, na hati ya mtu mmoja ni nyepesi kuuzwa. Sheria ya mwaka 1990 ikaleta viwanda vya kusafirisha bidhaa nje hapo Athi River, navyo kwa fedha za Benki ya Dunia. Wafanyakazi wakatafuta makazi Kitengela. Kisha barabara ya Namanga ikajengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na manufaa yake hayakanushiki. Malisho yakawa viwanja.

Nayo serikali, kwa masharti ya miaka 50, mkopo wa 1968 huishia 2018. Dola moja mwaka 1968 ilikuwa kiasi cha shilingi 7. Mwaka 2018 ilikuwa kiasi cha 100. Fedha hizo hutoka katika kodi ya kila anunuaye sukari, awe Lamu au Kajiado.

Kwa hiyo jawabu letu ni hili: usiulize jina la benki tu. Uliza aliyetia sahihi ni nani, faida iliongezwa wapi, na kilichowekwa rehani ni mali ya nani. Na wewe unayenunua kiwanja Kitengela, kabla ya kutoa fedha nenda ofisi ya ardhi, itazamwe kama hati ile haijawekwa rehani.