MBOLEA IKIFIKA MTONI



Mwezi uliopita tulitia urea katika bustani ya shule, pale karibu na kijito. Ni mimi niliyegawa kazi, na mawingu nilikuwa ninayaona. Usiku mvua kubwa ikanyesha. Hata sasa lengalenga zetu ziko manjano. Basi mbolea ilikwenda wapi? Nilimwuliza mwalimu wa biolojia, nikasoma, na hili ndilo somo nililopata.

1. Mbolea ni nini? Ni chakula cha mimea: naitrojeni, fosforo na potasiamu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Urea inayeyuka upesi. Mvua ikiikuta juu ya udongo, inatelemka nayo. Fosforo inashikana na udongo, na udongo ukichukuliwa na maji, nayo inakwenda.

2. Inafanya nini mtoni? Kazi ileile ya kulisha. Vimea vidogo vinazaana sana, maji yanakuwa kijani kama sombe. Vikifa vinaoza, na vijidudu vinavyoviozesha vinamaliza oksijeni ya maji. Samaki wanakosa pumzi.

3. Mfano ni Ziwa Viktoria. Mito ya Kenya kama Nzoia na Nyando inapita katika mashamba, inapeleka ziwani udongo na mbolea. Miji nayo inamwaga maji machafu. Magugu maji, yale yenye maua ya zambarau yaliyoingia mto Kongo katika miaka ya 1950, yalikuta chakula tele kule. Mwaka 1998 yalifunika zaidi ya hekta 17,000, na wavuvi wa Kisumu walishindwa kupitisha mitumbwi.

4. Na sisi wa Kindu? Mtasema Lualaba ni mkubwa. Ndiyo, lakini kijito chetu ni kidogo, na wamama wanateka maji chini ya bustani. Naitrojeni ya mbolea inageuka nitrati. Shirika la Afya Ulimwenguni limeweka mpaka: miligramu 50 za nitrati katika lita moja ya maji ya kunywa. Ikizidi, ni hatari kwa mtoto mchanga anayepewa maziwa yaliyokorogwa na maji hayo, sababu damu yake inashindwa kubeba oksijeni. Na kuchemsha maji hakuondoi nitrati.

5. Tufanye hivi:
– Mvua ikiwa karibu, tusitie mbolea.
– Tutie kidogo kidogo, tuifukie kwa jembe.
– Matuta yakate mteremko, yasielekee kijito.
– Kando ya kijito tuache majani yaote.
– Samadi nayo iwe mbali na maji.

Maswali ya kujipima: Kwa nini samaki wanakufa mbolea ikizidi mtoni? Tulipoteza nini siku ile, zaidi ya feza?

Jumamosi tutahamisha matuta ya chini. Mimi niliyekosea nitashika jembe wa kwanza.

Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa sita