SOMO: MZAZI MZEE AKILAZWA HOSPITALI – UTANI, SALA NA KAZI YA MWANGALIZI



Somo letu mara hii ni kwa wewe ambaye baba au mama yako mzee amelazwa, au atalazwa kesho. Pengine alianza na homa hapa Mantapala, kliniki wakampima malaria, halafu gari la wagonjwa likampeleka Hospitali ya Mtakatifu Paulo pale Kashikishi, karibu na ziwa. Wewe ulipanda naye ukiwa na sufuria, kitenge na ndoo, bila kujua mtakaa siku ngapi. Wazambia wanakuita bedsaida. Kwa Kiswahili wewe ni mwangalizi wa mgonjwa, na ni kazi kweli.

Kazi ya mikono huenda umeshaisikia: kumgeuza kila baada ya saa mbili kama hawezi kujigeuza, ili asipate vidonda vya kulala, kumkalisha wima anapokula, ili uji usiingie njia ya hewa, kumfunika neti usiku. Fanya hayo yote. Leo tunataka kusema juu ya kazi ya mdomo wako.

Watani wako wodini

Unajua kwamba watu wa kandokando ya Ziwa Mweru, ng'ambo yetu ya Pweto na Kilwa na huku Nchelenge, wana koo zinazofanana, na mtu hufuata ukoo wa mama yake. Kila ukoo una watani wake, ambao kwa Kibemba wanaitwa banungwe. Bena Ngo, watu wa chui, wanataniana na Bena Mbushi, watu wa mbuzi, na sababu haihitaji kufafanuliwa. Kwa hiyo hata kama umevuka mpaka bila ndugu, mzee wako anaweza kukuta mtani kitanda cha pili, au kati ya wanaofagia wodi. Waulizane koo siku ya kwanza. Wazee wanapenda swali hilo kuliko kuulizwa kama wamepata choo.

Kulikuwa na mzee mmoja, mtu wa chui. Mama aliyekuwa akipiga deki alikuwa wa mbuzi. Kila asubuhi mama yule alimwambia, "Leo tena chui amelala, sisi mbuzi tunakula majani kwa amani." Mzee alimjibu, "Jumamosi ninatoka. Ujifiche." Wodi nzima ilicheka, hata wale wenye dripu.

Asubuhi ya nne mama alisema maneno yake. Mzee alimtazama kama mtu anayetazama ukuta. Binti yake alisema, "Mwacheni baba, amechoka, leo ametulia." Lakini mama wa deki aliweka ndoo chini akaenda kumwita nesi. Nesi alikuta mdomo mkavu na ulimi mkavu. Hakuwa amekojoa tangu jana yake. Kumbe mzee alikuwa anakataa maji kwa siri, kwa kuona haya ya kusindikizwa chooni na binti yake. Akawekewa dripu na dawa ya maambukizo ya njia ya mkojo. Baada ya siku mbili aliuliza, "Mbuzi wangu yuko wapi?"

Elewa vizuri jambo hili, ndugu msomaji. Mzee mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa ghafla, kwa saa chache au siku moja. Wengine wanapiga kelele na kung'oa dripu. Hao wanaonekana upesi. Wengine wananyamaza, wanasinzia, hawajibu sawasawa, na ndugu wanafurahi kwamba mgonjwa ametulia. Hao wa kimya ndio wanaosahauliwa. Siyo uzee tu, wala siyo uchawi. Sababu inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizo ya mkojo, upungufu wa maji, sukari kushuka, maumivu, kufunga choo, au dawa fulani. Nyingi zinatibika kama zinajulikana mapema.

Nesi wa zamu hamjui baba yako. Anamwona leo kwa mara ya kwanza, na ana wagonjwa wengi. Wewe ndiye unayejua kwamba baba hakosi jibu. Basi mtanie kila asubuhi, jambo moja lilelile. Akiomba samaki pale mwezi wa Januari, mwambie uvuvi umefungwa tangu Desemba hadi mwisho wa Februari, aende kubishana na serikali mwenyewe. Akikujibu kwa hasira, vizuri. Asipojibu kama kawaida yake, usingoje daktari apite: mwite nesi sasa hivi, umwambie, "Jana alikuwa anajibu, leo hajibu."

Nani ataniane naye?

Siyo kila mtu. Mjukuu anaweza kumwambia bibi yake karibu lolote, na bibi anamwita mume wake. Mtoto wa kuzaa anatania kwa adabu. Mkwe asijaribu kabisa! Na kama mkwe mwanamume ndiye peke yake aliyekuja na mama mkwe wake, asilazimishwe kumwogesha. Aombe mwanamke wa kitanda cha jirani, naye amchotee mama huyo maji. Mambo haya hupangwa siku ileile ya kwanza.

Usicheke kitanda kilicholowa. Usimwambie mzee "umerudi utoto". Usitanie juu ya waliobaki njiani wakati wa vita, hata kama yeye mwenyewe ameanza.

Na sala je?

Sala pia ni ya mgonjwa, siyo ya wageni. Muulize mzee anataka ipi. Wazee wengi wa upande wa Pweto walijifunza nyimbo za kanisa wakiwa watoto, wengine kwenye misheni kama Luanza, pale Dan Crawford alipofanya kazi mpaka alipofariki mwaka 1926. Mzee aliyesahau jina la mjukuu anaweza bado kuimba ubeti mzima. Mwimbie polepole, sauti ya chini, kwa maana kitanda cha jirani kuna mtu anayetafuta usingizi.

Usiogope kucheka na kuomba siku moja. Wakristo na Waislamu wote wanasoma kwamba mke wa Ibrahimu alicheka katika habari za kupata mtoto uzeeni, na jina Isaka lenyewe kwa Kiebrania latokana na kucheka.

Lakini akija mtu akasema imani ya kweli ni kuacha vidonge, mkatalie kwa heshima. Vidonge vya Koatemu humezwa mara mbili kwa siku, siku tatu, pamoja na chakula, hata kama homa imeshuka siku ya pili. Aombe, na mzee ameze.

Mzee akianza mzaha wa kifo

Watani wa ukoo ndio pia wanaosaidia kazi za mazishi, na mzee anajua hilo kuliko wewe. Siku moja utamsikia akimwambia mtani wake, "Utanibeba vizuri, usiniangushe kwenye mchanga." Utataka kusema, "Baba, usiseme hivyo!" Nyamaza kwanza. Mara nyingi nyuma ya mzaha huo kuna neno ambalo ameshindwa kukuambia wewe: azikwe huku au avushwe ziwa, nani aitwe, nani anamdai, nani amsamehe. Muulize taratibu, usiku, wakati wodi imenyamaza. Andika majina na namba za simu kwenye karatasi, uiweke pamoja na kadi yake ya hospitali. Halafu mpe maji, na umwambie kwamba safari hii utageuka upande mwingine akiwa chooni.