Karo ya Mwaka Huu au ya Juzi? Somo Kuhusu Tovuti za Vyuo na Kazi ya Hatua Fupi

Januari, Mei na Septemba ndiyo misimu ambayo vyuo vingi vya kiufundi nchini hupokea wanafunzi wapya. Wiki chache kabla ya hapo, wazazi na vijana hushika simu wakitafuta mambo manne: kozi zinazofundishwa, karo, cheti au alama zinazohitajika, na siku ya mwisho ya kutuma maombi. Mzazi anayekuta kwenye tovuti ya chuo karo ya miaka mitatu iliyopita huuza mbuzi mmoja badala ya wawili. Akifika afisi ya fedha ndipo anapoambiwa kuwa malipo yalibadilika. Nauli imekwenda, siku imekwenda, na huenda nafasi ya mtoto nayo ikaenda.

Tovuti yenye habari za kale ni sawa na mlinzi wa lango anayempotosha mgeni. Ila mlinzi humpotosha mgeni mmoja mmoja, nayo tovuti huwapotosha wote kwa pamoja, usiku na mchana.

Jambo hili linawahusu wakazi moja kwa moja. Vyuo vya ufundi vya vijiji viliwekwa chini ya serikali za kaunti na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Vyuo anuwai vya kitaifa, kwa upande wao, viko chini ya Serikali ya Kitaifa. Wengi huchanganya aina hizi mbili, na si kosa lao, kwa maana tovuti nyingi hazisemi chuo ni cha nani. Chuo kinachojali wateja wake kingeanza hapo: kuandika juu kabisa ya ukurasa wa kwanza kwamba ni chuo cha nani, kiko wapi, na kama kina leseni ya TVETA, mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya mafunzo ya kiufundi ya 2013.

Kuhesabu kilichomo

Kabla ya kujenga tovuti mpya, chuo huhesabu kilichomo katika ile ya zamani. Kazi hii haipendezi, na ndiyo maana hurukwa. Karani mmoja mwenye jedwali la kompyuta anatosha. Kila ukurasa hupata mstari wake: anwani yake, unasema nini, afisi gani inawajibika, ulikaguliwa lini mara ya mwisho, na uamuzi ni upi. Uamuzi huwa mmoja kati ya minne: ubaki, urekebishwe, uunganishwe na mwingine, au uondolewe.

Zoezi hili karibu kila mara hufichua tatizo lile lile. Karo imeandikwa mahali pengi: kwenye ukurasa wa karo, kwenye kijitabu cha chuo kilichopakiwa miaka iliyopita, kwenye tangazo la zamani la kupokea wanafunzi, na kwenye ukurasa wa idara ya umeme ambayo iliamua kujiandikia yake. Mhasibu akibadilisha moja, tatu hubaki zikisema uongo. Dawa yake ni kwamba jambo moja liandikwe mahali pamoja. Kurasa nyingine zote zimwelekeze msomaji hapo, zisirudie tarakimu.

Kila ukurasa pia unahitaji mwenyewe, na mwenyewe awe cheo wala si jina la mtu. Ukurasa wa karo ni wa afisi ya fedha, ule wa tarehe za maombi ni wa msajili. Mtu akihamishwa au akistaafu, kazi hubaki na kiti. Chini ya ukurasa iandikwe siku ulipokaguliwa, ili mzazi ajue anasoma habari ya wiki iliyopita au ya enzi nyingine. Tangazo lenye siku ya mwisho lipangiwe na siku ya kuondolewa, tangu lile saa linapowekwa.

Lugha nayo hupuuzwa. Katiba, katika kifungu cha 7, inatambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, lakini tovuti nyingi za vyuo huandikwa kana kwamba anayelipa karo alisomea Kiingereza cha afisi. Hata maneno yenyewe hayakutani. Mzazi anatafuta ushonaji. Chuo kimeandika ubunifu wa mitindo. Kijana anatafuta kozi ya umakanika. Chuo kimeandika uhandisi wa magari. Hakuna ubaya kutumia jina rasmi la kozi, mradi jina la mtaani liwe pembeni yake ili mtafutaji alione.

Uzito wa ukurasa ni pesa ya msomaji. Picha iliyopigwa kwa simu ya kisasa huweza kuwa na megabaiti 3 au zaidi, na ikipunguzwa ukubwa kabla ya kupakiwa huonekana vizuri kwa kilobaiti 200 hivi. Ukurasa wenye picha 10 kubwa za mahafali hula bando la mtu aliyetaka kuona tarehe moja tu. Barua iliyopigwa picha na kupakiwa ina ubaya mwingine: programu zinazowasomea vipofu kwa sauti haziwezi kuisoma, kwa sababu kwao ile ni picha, haina maandishi. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, inayotolewa na shirika la W3C, inadai maandishi yawe maandishi.

Kuna kosa moja linalostahili kukemewa bila kupunguza makali. Baadhi ya taasisi huweka hadharani orodha ya waliochaguliwa pamoja na nambari za vitambulisho na simu. Tapeli hahitaji zaidi ya hapo. Humpigia mzazi, humtajia jina la mtoto na kozi yake, kisha humtaka atume pesa za kushikilia nafasi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa kiasi kinachohitajika tu, na nambari ya ombi pekee yatosha kumjulisha mwanafunzi kwamba amepata nafasi.

Mradi mkubwa unavyokwama

Tovuti ya chuo kwa kawaida hujengwa hivi. Kamati huundwa. Huandika mahitaji yote kwa miezi kadhaa. Mkandarasi hupatikana, hujifungia akijenga, kisha hurudi siku ya uzinduzi. Keki hukatwa. Siku hiyo ndipo msajili anapogundua kwamba fomu ya maombi haina nafasi ya kuchagua wadi anakotoka mwanafunzi, na pesa zimekwisha.

Wataalamu huita njia hii maporomoko ya maji, kwa sababu kazi hushuka kutoka ngazi moja hadi nyingine na haipandi tena. Mwaka 1970 Winston Royce, Mmarekani aliyeshughulikia programu za vyombo vya anga, alichora ngazi hizo katika makala yake, na hadi leo wengi humtaja kama baba wa mbinu hiyo. Wanachosahau ni kwamba katika makala iyo hiyo alionya kuwa kuifuata hivyo ilivyo ni hatari.

Mnamo Februari 2001 watu 17 wa kazi ya programu walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika ilani fupi ya kile kinachoitwa ajaili, yaani wepesi wa kugeuka. Kwa maneno mengine walisema hivi: watu na mazungumzo yao hutangulia taratibu na vifaa, kitu kinachofanya kazi hutangulia rundo la hati, kushirikiana na mteja hutangulia kuvutana juu ya mkataba, na kukubali mabadiliko hutangulia kushikilia mpango. Hawakusema hati, mikataba na mipango itupwe. Walisema navyo vina thamani, na sehemu hiyo husahauliwa sana na wanaotafuta kisingizio cha kutoandika chochote.

Mbinu moja ya ajaili inayotumika sana huitwa skramu. Jina lilitoka kwenye raga. Mwaka 1986 Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, walifananisha timu nzuri ya kazi na wachezaji wanaosonga mbele pamoja wakipasiana mpira. Mwaka 1995 Ken Schwaber na Jeff Sutherland wakaiwasilisha kama njia ya kujenga programu. Mashabiki wa Shujaa waliotwaa taji la Singapore mwaka 2016 hawahitaji maelezo zaidi.

Wiki nane katika chuo cha mfano

Tuchukue chuo cha kubuni chenye wanafunzi 300. Timu ni ya watu watano: msajili, karani wa fedha, mwalimu wa kompyuta, na wanafunzi wawili wa teknolojia ya habari. Msajili ndiye mwenye kazi: yeye huamua lipi litangulie. Mwalimu wa kompyuta huondoa vikwazo. Kazi zote zinazosubiri huandikwa kwenye orodha moja, ile inayowasaidia wazazi wengi ikiwa juu. Ukutani kuna ubao wenye safu tatu: inasubiri, inafanywa, imekwisha. Kila kazi ni karatasi ndogo inayosogezwa. Ubao wa namna hii una asili yake katika viwanda vya Toyota, ambako Taiichi Ohno alitumia kadi, kwa Kijapani kanban, kuonyesha kazi ilipofika.

Wanafanya kazi kwa raundi za wiki mbili. Mwongozo wa skramu unaruhusu raundi isiyozidi mwezi mmoja, lakini kwa tovuti ya chuo wiki mbili zinafaa zaidi. Asubuhi hukutana kwa dakika 15, tena wakiwa wamesimama ili hotuba zisianze.

Raundi ya kwanza inahusu karo na tarehe, basi. Hakuna picha ya mkuu wa chuo, hakuna historia ya chuo. Mwishoni mwa wiki ya pili kurasa hizo mbili ziko hewani na zinafanya kazi. Kisha wazazi watano waliofika mapokezi kwa shughuli zao huombwa watafute, kwa simu zao wenyewe, karo ya kozi ya ushonaji. Timu inanyamaza na kutazama. Huu ndio moyo wa mbinu yote, na ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, maana aliyejenga ukurasa huwashwa mdomo aonyeshe mtu pa kubofya. Mtafiti Jakob Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba watu watano hivi wanatosha kufichua kasoro nyingi zilizo wazi. Wakikwama watatu mahali pamoja, karatasi mpya hubandikwa ubaoni.

Raundi ya pili ni ya kozi, na ya tatu ni fomu ya maombi. Tuseme katikati ya raundi ya tatu karo inabadilishwa. Katika mpango wa zamani hiyo ingekuwa barua, kikao na nyongeza ya malipo. Hapa karani wa fedha hubadilisha tarakimu mahali pamoja, na orodha hupangwa upya raundi inapoisha. Raundi ya nne hutumika kuondoa kurasa mfu na kuwafundisha wenye kurasa namna ya kuzikagua.

Timu ilikubaliana mapema maana ya neno imekwisha. Ukurasa umekwisha pale afisi husika imeuidhinisha, uko katika lugha zote mbili, umefunguliwa kwenye simu ndogo ya bei nafuu, na una mwenyewe. Bila makubaliano hayo kila mtu husema amemaliza, na hakuna kilichomalizika.

Uingereza ilipita njia hiyo kwa kiwango kikubwa. Tovuti yake ya serikali, GOV.UK, ilionyeshwa kwanza kama jaribio mwaka 2011, ikarekebishwa hadharani, na Oktoba 2012 ikachukua nafasi ya tovuti kuu mbili za awali. Kila ukurasa ulitakiwa ujibu haja ya mwananchi inayojulikana, na nyingi zilizoshindwa ziliachwa nje.

Pale mbinu inapoharibika

Vyuo vingi vikisikia habari hizi hununua ubao, huanza kikao cha asubuhi, na kuishia hapo. Mkuu wa chuo asipofika kutazama kazi mwisho wa raundi, msajili asipopewa mamlaka ya kuamua, kilichobaki ni mikutano zaidi kwa jina jipya.

Pia hakuna mbinu inayofuta sheria ya ununuzi wa umma ya 2015. Chuo kinachomwajiri mkandarasi bado hutangaza, hulinganisha na kuweka kumbukumbu za ukaguzi. Kinachowezekana ni mkataba unaogawa kazi na malipo kwa hatua, kila hatua ikikabidhi kitu kinachofanya kazi. Mkataba huo pia utaje kwamba jina la tovuti limesajiliwa kwa chuo, na nywila zote ziko mikononi mwa chuo. Mkandarasi aliyeondoka na nywila ameondoka na ufunguo wa lango.

Mkazi anaweza kufanya nini

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka taasisi ya umma ichapishe habari zake muhimu bila kusubiri kuombwa. Mkazi asipoipata karo au tarehe, anaweza kuandika ombi kwa mkuu wa taasisi kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika anaweza kusema kwa mdomo, na afisa ataliandika ombi lake. Kutuma ombi hakulipiwi. Gharama inayoweza kudaiwa ni ile ya kutoa nakala. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Likikataliwa, mkazi ana siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Katika ombi lake ataje kozi, mwaka na ukurasa alioukuta na kosa, ili afisa asipate pa kusema hakuelewa.